Pwani ya Kusini ya Uingereza: Tazama Jedwali la Maji Kabla ya Kukata Tiketi

Habari zenu wapendwa, mlio Dar, Unguja, Mombasa, Lubumbashi, na nyinyi wa Maskati mnaotufuatilia. Leo tunazungumzia pwani ya kusini ya Uingereza, kwa sababu kila ikifika Juni hadi Agosti, msimu wa mahafali na likizo, wageni kutoka nyumbani hushuka London na wenyeji wao huwa na neno moja tu: "Twende Brighton." Brighton ni pazuri, sibishi. Lakini mtu wa pwani yetu akipelekwa pale bila kuambiwa kitu, hufika, huvua viatu, na hapo ndipo lawama zinapoanza. Ufukwe wote ni kokoto.

Kwa hiyo tuanze na ardhi utakayoikanyaga, nauli baadaye.

Ukitaka mchanga, nenda Bournemouth, kule magharibi, au West Wittering karibu na Chichester, au Camber Sands, mashariki kabisa ya Sussex. Katikati yake, yaani Brighton, Eastbourne, Hastings, ni kokoto za gumegume zilizotoka kwenye majabali ya chokaa. Maji yakipwa sana hujitokeza kipande cha mchanga kule chini, lakini ni cha saa chache. Beba viatu vya mpira vya kuingilia majini, vile vilivyofunga kisigino. Ndala huvuliwa na wimbi la kwanza.

Mtaona pia kuta za mbao au saruji zimetoka ufukweni kuingia baharini, moja baada ya nyingine. Si mapambo. Upepo na mawimbi mengi hutoka kusini-magharibi na kuzisukuma kokoto kuelekea mashariki, na kuta zile huzizuia. Ndiyo maana upande wa magharibi wa ukuta kokoto zimejaa mpaka juu, na upande wa mashariki pana shimo, pengine refu kuliko mtu. Mtoto akikimbia juu ya kokoto akaruka ukuta bila kutazama, huanguka kwenye shimo hilo. Na fukwe za kokoto zina mteremko mkali: hatua hii maji yako magotini, hatua inayofuata yako kifuani.

Sasa maji yenyewe. Nyinyi mnajua bamvua na maji mafu, kwa hiyo hapa mna faida kuliko watalii wengi. Kwetu, bamvua la Mombasa au Dar hupandisha maji kati ya mita 3 na 4. Brighton ni karibu mita 6, na Hastings huzidi hapo. Halafu Bournemouth, pwani hiyohiyo moja, kwa kawaida haifiki hata mita 2. Kwa hiyo Bournemouth unaweza kutandika mkeka na kulala usingizi. Kule mashariki, mkeka uliotandikwa chini saa nne unaweza kuelea saa saba.

Tafuta jedwali la maji, yaani orodha ya saa za kujaa na kupwa, la mji unaokwenda, kwa tarehe yako. Kisha soma maandishi madogo, maana majedwali mengi hutumia saa ya Greenwich, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza zimesogezwa mbele saa moja. Jedwali likiandika maji yanajaa 13:00 kwa saa ya Greenwich, saa ya simu yako itakuwa 14:00. Wengi huteleza hapa, hata wenyeji.

Baridi ya maji msiipuuze. Agosti, bahari ikiwa imepata joto lake lote, ni kama nyuzi 18. Aprili ni 9 au 10, hata siku jua linapowaka na watu wamevaa kaputula. Mwili ukitumbukia ghafla kwenye maji hayo pumzi hukatika, mtu hupiga mikono kwa hofu na kumeza maji, hata awe amelelewa Tanga. Ingia taratibu. Ukishikwa, lala chali, panua mikono, elea mpaka pumzi irudi, ndipo uogelee. Ogelea kati ya bendera mbili za rangi nyekundu juu na njano chini, hapo ndipo waokoaji wanapotazama. Bendera nyekundu tupu: usiingie. Mfuko mrefu wa kitambaa wa rangi ya machungwa ukipepea: usiingie na boya wala godoro la kujaza upepo, maana upepo unatoka nchi kavu na utakupeleka Ufaransa. Dharura ni 999, na ukiwa ufukweni waambie unataka Coastguard, yaani walinzi wa pwani.

Jambo jingine lisilopendeza ila lisemwe: baada ya mvua kubwa, maji taka huachiwa baharini sehemu nyingi za pwani hii kwa sababu mabomba ya mvua na ya vyoo ni yaleyale. Kampuni ya maji ina ramani mtandaoni inayoonyesha ni wapi yameachiwa. Subiri saa 48 kabla ya kuoga.

Haya, treni. Brighton kutoka London Victoria ni kama saa moja. Kadi ya Oyster, ile ya kugusisha ya nauli za London, haifiki huko. Mwisho wake upande huu ni uwanja wa ndege wa Gatwick. Ukigusa London ukashuka Brighton huna tiketi halali, na faini ni pauni 100 juu ya nauli, hupungua kuwa 50 ukilipa ndani ya siku 21. Kata tiketi nje ya saa za msongamano, yaani usipande asubuhi ya siku za kazi pamoja na waendao maofisini. Tiketi iliyoandikwa "Thameslink only" ni ya bei nafuu, lakini ni ya treni za kampuni ya Thameslink pekee. Ukipanda ya Southern, kampuni nyingine, nayo imesimama jukwaa la pili, kwa mkaguzi wewe ni mtu asiye na tiketi. Mkiwa watu 3 hadi 9 mnaosafiri pamoja, omba GroupSave: theluthi moja ya nauli inaondoka bila kununua kadi yoyote. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi, wa miaka 5 hadi 15 nusu. Familia inayokuja kwa mahafali isikubali kulipa nauli nzima.

Na sikilizeni matangazo ndani ya treni. Baadhi ya treni za pwani hukatwa katikati ya safari, mabehewa ya mbele yakaenda mji huu na ya nyuma mji mwingine. Kukaa behewa lisilo lako si kosa la tiketi, ni kosa la kiti, na hutaligundua mpaka bahari ikatokea upande usioutarajia. Wikendi kuna matengenezo ya reli, na mabasi huchukua nafasi ya treni. Safari ya saa moja ikawa mbili na zaidi. Angalia usiku wa kuamkia safari.

Ushauri wangu ni huu: siku moja, miji miwili, mmoja wa ufukwe na mmoja wa gulio. Naita wa gulio kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mfalme alitoa hati, mji ukaruhusiwa kuwa na soko siku fulani ya wiki, wakulima wakaleta ng'ombe na nafaka. Miji ya ufukwe ni vijana wa juzi. Brighton ilikuwa ya wavuvi mpaka daktari Richard Russell wa Lewes alipoanza, mnamo 1750, kuandika kwamba maji ya bahari ni dawa, ya kuoga na ya kunywa pia. Matajiri wakamiminika, mwanamfalme George akafuata, na reli ilipofika mwaka 1841 wakaja watu wa kawaida.

Brighton basi: Royal Pavilion, jumba la kifalme, lazima mlione. Kuba na minara yake, aliyojengewa George na mbunifu John Nash kati ya 1815 na 1823, ina sura ya Kihindi, ila ndani mapambo ni ya Kichina. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza likawa hospitali ya askari wa Kihindi, na Waislamu na Wahindu wakawekewa majiko na mabomba ya maji tofauti. Gati la 1899 ni la michezo ya sarafu na kelele; dakika 20 zinatosha. Kisha pandeni treni ya robo saa hadi Lewes: ngome, mitaa ya mteremko, vichochoro vyembamba kati ya kuta za gumegume, vitu vya kale vya kununua. Tahadhari moja: tarehe 5 Novemba Lewes huwasha mioto mikubwa na maandamano ya mienge, kukumbuka pia Waprotestanti 17 waliochomwa hapo kati ya 1555 na 1557. Usiku huo miaka ya karibuni treni hazisimami kabisa Lewes. Usiende ukidhani utarudi.

Majabali meupe mnayoyaona kwenye picha ni Seven Sisters, kati ya Brighton na Eastbourne. Basi namba 12 hupita huko, na nauli ya basi England kwa sasa haizidi pauni 3 kwa safari moja. Kaa mita 5 kutoka ukingoni, na usikae chini yake pia. Chokaa huliwa kwa chini, hivyo ukingo unaokanyaga unaweza kuwa unaning'inia hewani.

Lakini safari ninayoipenda kuliko zote ni Rye. Panda treni ya kasi kutoka St Pancras hadi Ashford International, chini ya dakika 40, ukihakikisha tiketi yako inaruhusu treni ya kasi, kwa sababu ya kawaida hairuhusu. Ashford unabadilisha, unapanda kitreni cha dizeli cha kwenda Hastings, na Rye ni chini ya nusu saa. Kinapita mara moja kwa saa, hivyo kukikosa ni kukaa saa nzima kwenye jukwaa lenye upepo.

Rye ilikuwa bandari. Dhoruba ya 1287 iliuzamisha mji jirani wa Winchelsea ya zamani na kuugeuza mto Rother upite Rye, mji ukatajirika. Mwaka 1377 Wafaransa waliuchoma na kuchukua kengele za kanisa. Mwaka uliofuata watu wa Rye na Winchelsea wakavuka kuzirudisha. Baadaye matope yakajaa na bahari sasa iko kilomita 3 hivi kutoka mjini. Lango la Landgate la 1329 bado limesimama. Mermaid Street imetandikwa mawe ya mviringo, yenye kuteleza vibaya mvua ikinyesha, kwa hiyo kina mama, visigino vyembamba viacheni London, na gari la mtoto msilipandishe pale. Siku ya gulio kwa desturi ni Alhamisi. Nendeni saa nne asubuhi, maana ikifika saa nane wauzaji wanafunga.

Kutoka stesheni ya Rye, basi namba 102 linakwenda Camber Sands. Hapa ndipo penye mchanga wa kweli, vichuguu vya mchanga nyuma na bahari inayopwa mbali mno. Na hapa ndipo jedwali la maji linapokuwa suala la uhai. Maji yakirudi hayaji kwa mstari mmoja kama mtu anavyotarajia: hupita kwanza kwenye mifereji nyuma ya mafungu ya mchanga. Uliyesimama kwenye fungu unaona bahari bado iko mbali mbele yako, kumbe nyuma yako maji yameshafika kiunoni. Agosti 2016 vijana watano kutoka London walikufa maji hapo kwa siku moja. Maji yakianza kujaa, rudi. Kuna na samaki mdogo mwenye miiba anayejizika mchangani. Ukichomwa, tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyovumilia, kwa nusu saa au zaidi. Siku ya joto Camber haifai kwa gari, barabara ni moja nyembamba na maegesho hujaa mapema.

Wenye muda waendelee na treni ileile mpaka Hastings. Hakuna bandari, kwa hiyo boti za uvuvi huvutwa juu ya kokoto kwa matrekta. Vile vibanda vyeusi vyembamba virefu vilikuwa ghala za nyavu: nafasi ufukweni ilikuwa ndogo, wakajenga kwenda juu. Na vita vya Hastings vya 1066, Wanormandi walipoiteka England, havikupiganwa hapo, vilipiganwa mji wa Battle, kama kilomita 10 ndani.

Chakula. Samaki na chipsi ufukweni hufika pauni 12 hadi 15 kwa mtu. Waislamu, ulizeni mafuta: maduka mengine hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe, na uji wa unga anaochovywa samaki kabla ya kukaangwa mara nyingine huwa na bia. Ukishika sahani, simama na ukuta mgongoni, kwani shakwe wa huku hushuka kwa nyuma na huchukua kipande chote. Maduka ya miji midogo hufunga saa kumi na moja jioni, na Jumapili maduka makubwa hufungua kwa muda wa saa 6 tu kwa sheria.

Wazanzibari mtauliza kuhusu Southsea, ufukwe wa Portsmouth. Ndiyo, huko ndiko Sultani Jamshid bin Abdullah alikoishi zaidi ya nusu karne baada ya mapinduzi ya 1964, mpaka alipohamia Oman mwaka 2020. Alifariki Desemba 2024. Ufukwe ni kokoto, lakini kutoka hapo hovakrafti, chombo kinachoelea juu ya hewa, huvuka hadi Ryde, kisiwa cha Wight, kwa dakika 10 hivi. Upepo ukizidi husimamishwa, basi piga hesabu ya kurudi kwa feri ya kawaida ya Portsmouth Harbour, na ujue inakotia nanga Ryde ni mwisho wa gati refu, mwendo wa miguu wa kutosha kama una mizigo.