Wanaokula Kabla ya Kuku

Assalamu alaykum, mama zangu, baba zangu na vijana wa Wete. Najua wengine mmeacha karafuu juani, kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Ukimtumbua kuku, mwisho wa utumbo unaona vifuko viwili virefu vilivyoziba upande mmoja. Kile kinyesi cha kahawia, kizito kama uji wa ulezi, hutoka humo. Mtu akikiona hudhani kuku anaharisha, akakimbilia duka la dawa. Si maradhi. Humo wanaishi bakteria kwa mabilioni, na hao ndio niliokuja kuwasemea.

Ziko sukari za mimea ambazo kuku mwenyewe hawezi kuzisaga. Zinapita nzima mpaka vifukoni, na huko bakteria wema huzila. Hiyo ndiyo pribayotiki: chakula chao, si dawa. Wakishakula hutoa asidi. Salmonela, wale bakteria waovu wanaoleta maradhi, hawaipendi, na mojawapo, butireti, hulisha ukuta wa utumbo wenyewe, kuku akafyonza zaidi katika kile kile unachompa. Kwetu Pemba hilo si jambo dogo. Mahindi na soya vikivuka bahari, kila gunia lina nauli ndani yake.

Iko nyingine inayotokana na ganda la hamira, na hii hunifurahisha kila nikiieleza. Salmonela wengi wana vinyuzi vya kung'ang'ania utumbo, na wanachokishika ni sukari iitwayo manosi. Ganda la hamira limejaa manosi. Basi hulidaka wakidhani wameshika utumbo, wakatoka nalo kwenye kinyesi. Ganda hilo hutengwa kiwandani, kwa hivyo msimwage hamira ya mandazi bandani.

Sasa mfikirieni kifaranga. Aliyeanguliwa na mama hudonoa palipo na kinyesi cha mama, akapata bakteria wake siku ile ile. Wa mashine hana mama. Mwaka 1973 Nurmi na Rantala, wataalamu wa Ufini, walieleza jinsi walivyowapa vifaranga vilivyomo utumboni mwa kuku wakubwa wazima, na vifaranga wale wakahimili salmonela. Ndiyo maana nasema pribayotiki anzeni siku ya kwanza. Kuku wa nyama wa wiki sita ukimpa wiki ya nne, umeshachelewa.

Linaloniuma ni ule unga wa manjano wa antibiotiki, unaotiwa majini kila wiki eti kinga. Unaua waovu na wema, na waovu wanaobaki huizoea dawa. Ulaya walikataza antibiotiki za kukuzia mifugo tangu tarehe 1 Januari 2006. Nyumbani kwetu mama aliutumia miaka mingi, na aliyekuwa akimkorogea ni mimi.

Kipimo: za ganda la hamira mara nyingi ni gramu 50 hadi 100 kwa gunia la kilo 50, lakini someni pakiti yenu. Zile za inulini, mojawapo ya zile sukari za mimea, mkizidisha, kinyesi huwa majimaji, maranda yanaloa, na ile harufu kali inawachoma kuku macho. Na ugonjwa wa mdondo ni wa virusi. Hapo ni chanjo tu, hakuna pribayotiki itakayouzuia.

Nimekuja na kuku aliyechinjwa asubuhi. Sogeeni mezani, tuvipasue vile vifuko mvione.