SolidWorks: kurekebisha pati moja ukiwa ndani ya asembli

Haya wakuu, karibuni. Leo kwenye SolidWorks, programu ya kuchora mashine kwa kompyuta, tunarudi kwenye asembli (mchoro wa mashine nzima, wenye pati yaani vipande vyake vyote) ya mashine ya kupukuchua mahindi sababu mota imebadilika, tulikuwa na ya fremu 80 sasa tumeweka 90S (hizo ni saizi za mota, namba ni milimita kutoka chini ya miguu hadi katikati ya shafti), na ukisogeza karibu hapa kwenye miguu ya mota utaona mashimo hayaangaliani tena na ya pleti inayobeba mota. Ya zamani yalikuwa milimita 125 senta kwa senta, mota mpya inataka 140. Upande wa kufuata shafti ni 100 kwa zote mbili, huko hatugusi.

Bonyeza pleti mara moja, kwenye kile kimenyu kidogo kinachotokea chagua Edit Part. Sio Open Part, ile inafungua pleti kwenye dirisha lake peke yake na mota huioni, wakati sisi tunataka tuwe tunaiona.

Sasa tulia kwanza uangalie kule kushoto kwenye orodha, jina la pleti limekuwa bluu. Soma hilo jina kabla hujachora chochote. Mimi niliwahi kukata dirisha la kava kumbe nilikuwa ndani ya pleti, nikasevu, mchoro ukaenda karakana, pleti ya milimita 8 ikarudi na dirisha katikati. Hela ya watu ile, iliniuma sana.

Fungua pleti kwenye orodha, tafuta ule mkato wa mashimo, Edit Sketch, kisha dabo kliki kwenye 125 andika 140. Skechi yangu ina mstari wa katikati na simetri kwa hiyo kila upande unasogea 7.5, na ndio maana nasema hariri mashimo ya zamani usichore mapya juu yake, shimo lina kipenyo cha 10 senta inasogea 7.5 tu, yataingiliana upate umbo la namba nane.

Kuna wanaotumia Convert Entities kuchukua duara la mota moja kwa moja. Inafanya kazi, ila pleti inapata kimshale -> mwishoni mwa jina, yaani sasa inaitegemea mota, ukija kuitoa mota pleti inaanza kulalamika. Kwa mashimo manne ya bolti andika namba tu.

Ukimaliza toka, alama iko kona ya juu kulia. Wengi wanasahau hapa wanaendelea kuchora. Halafu Ctrl+Q ijijenge upya.

Na hii muhimu: pati ikiwa imetumika mara nyingi, kama ile miguu minne ya fremu ya mashine, ukibadilisha mmoja yote inabadilika. Unataka mmoja tu? Raiti kliki, Make Independent, uipe jina jipya.

Sevu vyote, asembli na pleti. Shafti nayo imepanda milimita 10, kwa hiyo puli na mkanda tunavirekebisha video ijayo.