Je, korona ya Uingereza ilichagua ngozi?

Ndugu zangu wa Mbeya, Tukuyu, Makambako na Iringa, wakubwa shikamooni. Tangu nitaje kwamba mwaka 2020 nilikuwa nikihudumia wazee hapa Uingereza, mnaniuliza swali lilelile: je, ni kweli korona iliua zaidi watu weusi, na je, damu yetu ina kasoro? Najua nikijibu, wapo watakaosema ninajigamba na wapo watakaosema ninalalamika ilhali hela ninatuma. Yote mawili siyo nia yangu.

Ni kweli. Mei 2020 Ofisi ya Takwimu ya Taifa ya hapa ilitangaza kwamba, umri ukizingatiwa, uwezekano wa mtu mweusi wa England na Wales kufa kwa korona ulikuwa zaidi ya mara 4 ya ule wa mzungu. Walipozingatia pia makazi, hali ya uchumi na afya ya awali, pengo lilishuka hadi karibu mara 2. Anayewaambia kwamba ni damu anawapotosha, kwani pengo la damu lisingeshuka kwa kuhesabu vyumba vya kulala.

Mimi pengo hilo niliishi ndani yake. Malipo ya kisheria kwa mfanyakazi anayeumwa yalikuwa pauni 95.85 kwa wiki, na kodi ya chumba changu ilizidi hapo, katika nyumba ya watu watano wenye bafu moja. Mwenzetu aliyeanza kukohoa angejitenga wapi, na kwa fedha ya nani? Juu ya hayo, mhamiaji alitakiwa kulipa ada ya afya, pauni 400 kwa kila mwaka wa viza, zote kwa mkupuo kabla hajapata viza, na Oktoba 2020 zikawa 624. Serikali ilikubali kuwasamehe wahudumu wa afya na wa wazee, nami nikaomba kurudishiwa, lakini fomu yangu ilikwama kwa miezi kwa sababu barua ya mwajiri ilikosa tarehe, na mwajiri hakupokea simu zangu. Jambo hilo linaniuma hadi leo, maana asubuhi ya siku niliyoomba nilikuwa nimemwosha bibi mgonjwa ambaye wanawe walikatazwa kumwona.

Tiba ya korona ilikuwa bure, hata kwa asiye na karatasi, lakini niliowafahamu waliogopa jina lao lisifike uhamiaji, wakakaa ndani hadi pumzi ikakata.

Kisha kuna kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni. Hupitisha mwanga kwenye nyama ya kidole, na rangi ya ngozi nyeusi huweza kuuvuruga, namba ikasomeka juu kuliko hali halisi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba, miongoni mwa wagonjwa waliosomeka kuwa na oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, upungufu mkubwa ulikuwa umefichika kwa asilimia 11.7 ya weusi, na kwa asilimia 3.6 tu ya wazungu.

Ya kuja huku au kutokuja siwaamulii. Kila mtu ana viza yake na mwajiri wake. Mama yangu pale Tukuyu nilimtumia kibanio hicho, nikamwambia akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja aende hospitali, hata kama kimeandika 95.