Jinsi ya Kukagua Gitaa la Umeme la Kijapani Lililotumika Kabla ya Kulipa

Karibu mtazamaji. Gitaa lililo hapa mezani limeandikwa kichwani "Made in Japan", na muuzaji ameweka bei kwa kuyaegemea maneno hayo. Yanakwambia lilikotengenezwa, basi. Mwanzoni mwa miaka ya 70 Japani ilitoa magitaa mengi ya plaiwudi yaliyoiga sura ya magitaa ya Marekani, na Japani hiyohiyo mwaka 1976 ikatoa Yamaha SG2000, ambayo shingo yake inapita katikati ya bodi (kiwiliwili cha gitaa) hadi mwisho. Kwa hiyo tunakagua mbao na chuma kwanza, maandishi baadaye.

Andaa tochi ndogo, bisibisi ya nyota, rula ya chuma yenye alama za nusu milimita, tyuna, kapo (kibanio cha kubana nyuzi shingoni), multimita (kipimo cha umeme), waya wa gitaa na ampi. Ongeza uzi mmoja mpya: ule mwembamba kabisa wa seti ya 10, yaani ya kuanzia inchi 0.010. Unene wake ni milimita 0.25, na utatusaidia kupima.

Hatua ya kwanza ni shingo, na hapa usiwe na haraka. Kasoro nyingine nyingi zinatengenezeka kwa gharama ndogo. Shingo mbovu inaweza kula fedha nyingi kuliko bei ya gitaa lenyewe. Tyuni nyuzi zote kwenye sauti ya kawaida, kwa sababu shingo isiyo na mvuto wa nyuzi haisemi ukweli. Weka kapo kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo), bonyeza uzi wa sita, ule mnene kabisa, pale shingo inapoungana na bodi, halafu tazama freti ya 7 na ya 8. Kati ya uzi na freti kuwe na nafasi ndogo. Pitisha ule uzi wako wa 0.25: ukiteleza kwa kugusa kidogo tu, shingo iko vizuri. Ukipita bila kugusa chochote, shingo imepinda mbele. Uzi ukiwa umelala juu ya freti zote, shingo iko wima kabisa au imepinda kwenda nyuma.

Kupinda mbele kwa kawaida kunarekebishwa na trasrodi, ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo. Usikubali kuambiwa tu kwamba "inazunguka". Omba ruhusa, legeza nyuzi kidogo, zungusha robo mzunguko kwa ufunguo unaokaa sawasawa, kisha tyuni na upime tena. Kama nafasi imebadilika, fimbo inafanya kazi. Kama kichwa cha fimbo kimelika pembe, au kimekazwa hadi mwisho na shingo bado imepinda, hilo ni punguzo la bei, tena kubwa. Shingo iliyopinda nyuma huku fimbo imelegezwa kabisa ni mbaya zaidi: fimbo nyingi za zamani zinavuta upande mmoja tu, hivyo hazina cha kukusaidia hapo.

Sasa shika gitaa kama bunduki, jicho likiwa upande wa kichwa, utazame kingo mbili za ubao wa vidole. Ukingo mmoja ukishuka huku mwingine ukipanda, shingo imejisokota. Achana nalo. Angalia pia freti za mwisho, kuanzia ya 15 au hapo, kama zimeinuka kuliko wenzake.

Geuza gitaa, umulike kwa ubavu pale shingo inapokutana na kichwa. Hapa macho mengi hudanganyika. Kuna magitaa ambayo kichwa kimeunganishwa kiwandani kwa mbao ya pili: mstari wake umenyooka na unalingana kushoto na kulia. Ufa uliogundishwa unapinda ukifuata nyuzinyuzi za mbao yenyewe, na mara nyingi rangi imeongezwa juu yake kuuficha. Pitisha ukucha taratibu. Ufa uliotengenezwa vizuri unaweza kudumu, ila bei haiwezi kuwa ya gitaa zima.

Tuje kwenye freti. Tazama chini ya uzi wa kwanza, wa pili na wa tatu, kwenye freti tano za mwanzo, ambako ndiko mashimo huchimbika. Mashimo yasiyo na kina yanasawazishwa kwa faili (tupa), mradi chuma kimebaki. Freti iliyobaki na kimo chini ya milimita 0.7 haina tena cha kufailiwa, itabidi zote zibadilishwe. Kazi hiyo ni ghali zaidi kwenye ubao wa mepo uliopakwa vanishi, kwani vanishi nayo lazima irudiwe.

Halafu piga kila uzi kwenye kila freti. Ndiyo, zote. Inachukua dakika nne. Baadaye vuta uzi wa kwanza kwa upande kwenye freti ya 12 hadi ya 17 mpaka sauti ipande toni nzima. Ikikatika, usiseme moja kwa moja kwamba freti ni mbovu: magitaa yanayofuata mtindo wa zamani wa Fender, kampuni ya Kimarekani, yana ubao wenye mzingo wa inchi 7.25, yaani uso uliobinuka sana, na nyuzi zikishushwa mno juu ya mzingo huo sauti hukatika hata freti zikiwa mpya. Pandisha uzi uwe milimita 2 juu ya freti ya 12, ujaribu tena.

Kwenye umeme tutakwenda haraka. Chomeka waya kwenye gitaa, fungua sauti mpaka mwisho, weka multimita kwenye kiloomu 20, gusa ncha na mwili wa ile plagi ya upande wa pili. Pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ya koili moja husoma takribani 5 hadi 7; humbaka, yaani pikapu ya koili mbili, 7 hadi 9. Ukiona mita inavuka kipimo, panda hadi kiwango cha juu: ikionyesha karibu 250 au 500 unasoma poti (kirekebishi kinachozungushwa) ya sauti yenyewe, maana koili imekatika. Humbaka ikisoma nusu, usiogope kabla ya kutafuta swichi ndogo ya kukata koili. Magitaa mengi ya Kijapani ya mwisho wa miaka ya 70 na ya 80 yanayo. Poti inayokwaruza huwa ni vumbi na unyevu, dawa yake ni spirei ya kusafishia swichi.

Ukifungua kifuniko cha nyuma kuona waya, mulika pia ukuta wa tundu. Matabaka ya mbao yaliyolala moja juu ya jingine ni plaiwudi. Na ukipanga kubadilisha poti, kumbuka kwamba shina la Kijapani mara nyingi lina meno 18 na la Kimarekani meno 24, hivyo kitufe cha zamani cha kuzungushia hakitaingia vizuri. Huenda ukalazimika kupanua tundu la bodi pia, kwa kuwa poti kubwa ya Kimarekani inahitaji milimita 9.5.

Daraja lenye mkono, ule wa kutikisa sauti: bonyeza mkono chini, uachie, angalia tyuna. Vuta juu, uachie, angalia tena. Likirudi sehemu mbili tofauti, huenda kingo zinazoegemea nguzo zimelika, au nguzo zenyewe zinayumba ndani ya mbao.

Namba ya seriali ndiyo ya mwisho. Kwenye Ibanez za Kijapani za kuanzia 1975 hadi katikati ya miaka ya 80, herufi ni mwezi na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka: H79 ni Agosti 1979. Herufi JV kwenye Fender na Squier (chapa ya Fender ya bei nafuu) za Kijapani ni za 1982 hadi 1984, na ndizo zinazopandishiwa bei sana. Namba ikiwa kwenye bamba la shingo, kumbuka bamba hilo linashikwa na skrubu nne. Linahamishwa kwa dakika tano.

Unanunua ukiwa mbali? Omba picha ya shingo iliyopigwa kutoka kichwani, freti tano za kwanza kwa karibu, nyuma ya kichwa kwa mwanga wa ubavu, tundu la waya likiwa wazi, na rula ikiwa imesimama kwenye freti ya 12. Tangazo la Kijapani lenye neno ジャンク, linalosomwa "janku", lina maana kwamba kitu kinauzwa kilivyo, bila dhamana wala kurudishwa. Hapo lipa bei ya vipuri tu.