Simu Zilale Sebuleni: Tulivyofanya Nyumbani, Hatua kwa Hatua

Habari za jioni, ndugu mtazamaji. Hapa ni nyumbani kwangu Uyole, Mbeya. Unaniona na sweta zito maana ni Julai, na Julai ya huku unaijua. Giza likiingia kila mtu yuko ndani ya blanketi, na simu nayo imo humo humo. Mwanangu wa darasa la nne alikuwa akiamka na macho mekundu, anasinzia na kikombe cha chai mkononi. Nikadhani mafua. Kumbe nikishalala anaichukua simu yangu.

Hatua ya kwanza inakuhusu wewe baba, wewe mama. Fungua simu yako, ingia kwenye mipangilio, tafuta panapoonyesha muda wa matumizi. Simu janja nyingi zinayo. Tazama yangu ya jana: saa 4 na dakika 10, na zaidi ya nusu ni video fupi fupi. Sasa isome namba hiyo kwa sauti, watoto wakisikia. Inauma, lakini isome. Ukimnyang'anya mtoto simu huku yako iko mfukoni, utapata kelele tu.

Ukiwa hapo hapo, zima kile kitufe kinachofanya video ikiisha nyingine ianze yenyewe.

Hatua ya pili, zitafutie simu pa kulala. Sisi tunatumia kikapu hiki cha milulu, vile vinavyosukwa na kina mama wa Iringa. Kinakaa juu ya kabati sebuleni. Saa 2 usiku, tukishakula, simu zote zinaingia, yangu ikitangulia. Ila inayochajiwa usiiweke kikapuni wala usiifunike kitambaa, itapata joto. Iache mezani, peupe.

Najua utasema simu ndiyo inayokuamsha. Nenda Mwanjelwa ukanunue saa ya mezani yenye kengele. Na kama una mgonjwa kijijini, zima data, acha mlio wa kupigiwa uwe juu. Utausikia kutoka chumbani.

Usiku nauwekea mkazo kwa sababu mwanga wa kioo cha simu unachelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Na watoto wadogo ndio wanaohitaji usingizi zaidi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, na muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa 1. Aliye chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa. Wapendwa, tunaowapa vichanga simu wanyamaze tukiwa tunapika, tuache. Mpe mwiko na kisufuria agonge, utapika vizuri tu.

Kazi za shule zinazohitaji intaneti zifanyike kabla ya chakula, mezani, ukiona.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wengi. Ukiondoa simu, jioni inakuwa ndefu. Siku mbili za kwanza wanangu walikaa wamenuna, na mimi mwenyewe mkono ulikuwa unakwenda mfukoni bila kuutuma. Siku ya tatu mama yangu, aliyekuja kutoka Tukuyu, akaleta ungo wa maharage, akawaita wajukuu wakae wamsaidie kuchambua. Tazama wanavyofanya sasa: vidole vinatenga mawe, macho yako kwa bibi. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Mkubwa akawahi: yai. Lililofuata likawashinda wote, bibi akadai mji, wakampa Tukuyu. Akakataa, kwao tayari. Wakampa Njombe.

Kwako huenda ni bao, au kusukana nywele. Anza na kitu ambacho mikono itashika.

Sasa ni saa 2 kasoro dakika 5. Leo yangu haikutangulia, maana ndiyo hii ninayorekodia; naizima iingie kikapuni. Bibi ananisubiri na ungo.