Sauti Kwanza, Picha Baadaye: Mhadhara kwa Wahariri wa Video za Matamasha, Kampala

Ndugu wahariri, na ninyi wapiga picha mliofuatana nao, asanteni kwa kufika. Tunazungumzia kazi inayoanza jukwaa likishabomolewa: kadi nne za kumbukumbu za kamera mezani, simu mbili zilizorekodi kutoka pembeni, faili la sauti kutoka kwenye mikisa (mashine inayochanganya sauti za jukwaani), na mteja anayeuliza video itakuwa tayari lini. Ninalotaka mlishike ni hili: usikate picha hata moja kabla sauti haijakaa sawa. Sauti ya mikisa inawekwa kwanza kwenye taimlaini, ule mstari wa muda wa programu ya kuhariri, inafungwa isisogee, halafu kamera zote zinaifuata. Anayeanza kwa kuchagua picha nzuri ataifumua kazi yake yote pale midomo itakapoanza kupishana na wimbo.

Kupishana huko kuna sababu tatu za kawaida, na dalili zake hazifanani.

Ya kwanza ni kasi ya sampuli, yaani mara ngapi kifaa kinaipima sauti kila sekunde. Kamera hurekodi sauti kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, na mikisa huenda imeachwa kwenye 44,100. Mara nyingi programu hubadilisha yenyewe. Lakini faili likisomwa vibaya, wimbo unakimbia, sauti ya mwimbaji inapanda karibu nusutoni moja na nusu, na onyesho la saa nzima linaisha kwa dakika 55 na sekunde 7. Usilinyooshe kwa kukisia. Lifungue kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, iambie programu kuwa kasi halisi ni 44,100, kisha litoe upya kwa 48,000.

Ya pili ni saa za ndani za vifaa. Kila kamera na kila rekoda ina saa yake, na hakuna mbili zinazokwenda sawasawa. Tofauti ya sehemu 50 katika milioni inaleta sekunde 0.18 kwa saa moja. Kwa fremu (picha moja moja za video) 25 kwa sekunde, hizo ni fremu nne na nusu. Dalili yake: wimbo wa kwanza uko sawa, wa mwisho umepotea. Wengi hukimbilia kubadilisha kasi ya klipu. Saa moja ina fremu 90,000, na programu nyingi hazikuruhusu kubadilisha chini ya asilimia 0.01, yaani fremu 9, kwa hiyo utaruka upande wa pili. Katakata klipu ya kamera pale watu wanaposhangilia kati ya nyimbo, kisha upange kila wimbo peke yake. Ndani ya wimbo wa dakika tano, tofauti haifiki hata nusu fremu.

Ya tatu ni simu. Simu hubadilisha kasi ya fremu yenyewe, hasa mwanga ukipungua, kwa hiyo sauti yake inapotea ovyo, mara mbele, mara nyuma. Kabla ya kuingiza klipu ya simu, ipitishe HandBrake, programu ya kugeuza video, na uchague kasi ya fremu isiyobadilika. Iliyorekodiwa kwa 30 iache kwenye 30. Ukiilazimisha kuwa 25, mwendo wa kamera utaonekana wa kukwamakwama.

Lipo kosa jingine, na hili programu ndiyo hulileta. Ukiiambia ilinganishe kamera kwa sauti, inalinganisha sauti na sauti. Kamera iliyo mita 40 kutoka jukwaani, kama ile ya nyuma kwenye uwanja wa kriketi wa Lugogo, inaona tukio papo hapo lakini inalisikia baadaye kwa takriban sekunde 0.12. Programu itaivuta klipu nyuma ili sauti zikutane, na picha itatangulia kwa fremu tatu: fimbo inagusa ngoma kabla hujausikia mlio. Baada ya kulinganisha, isogeze klipu hiyo mbele, fremu moja kwa kila mita 14 hivi za umbali, kisha hakikisha kwa macho. Tafuta pigo la engalabi, ile ngoma ndefu, au la snea, ngoma kali ya seti ya dramu, maana kilele chake kwenye mchoro wa sauti ni kikali na hakina utata. Endingidi, fidla ya uzi mmoja, inapanda polepole. Ukipangia hapo utabahatisha.

Tukiwa bado kwenye sauti: msishangae kwenye faili la mikisa mwimbaji akisikika kwa nguvu na ngoma zikisikika hafifu. Kwenye ukumbi mdogo, ngoma na gitaa zinasikika zenyewe, kwa hiyo fundi hazipandishi. Ombeni mapema kila chaneli irekodiwe peke yake. Mikisa kama Behringer X32 inatoa chaneli 32 kwa waya wa USB hadi kwenye kompyuta. Ikishindikana, wekeni rekoda ukumbini, kisha sauti yake ichanganywe chini ya ile ya mikisa kwa desibeli 10 hadi 15, baada ya kuondoa ule uchelewaji wa umbali. Msipouondoa, utasikika mwangwi. Na sauti iliyopasuka kwa kuingia kubwa mno hairudi. Programu za kutengeneza hupunguza tu ukali wake.

Picha sasa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ikiwa 1/50 au 1/100 ya sekunde inakamata mapepeso kamili. Ya 1/60 inaleta mistari inayotembea. Kamera ikibaki kwenye fremu 30, shata bado inaweza kuwekwa 1/100. Mistari ya skrini za LED ikishaingia kwenye picha, dawa ya haraka ni kuifunika kwa picha ya kamera nyingine.

Taa za buluu na zambarau ndizo zinazoharibu nyuso zaidi. Chaneli ya buluu inajaa, nyekundu na kijani zinabaki karibu tupu, na uso unakuwa bapa la rangi moja. Kupandisha mwanga kunazidisha ubaya. Punguza kwanza ukolevu wa buluu peke yake, tazama kipimo cha chaneli, ndipo uguse mwanga. Uso usiporudi, tumia pembe nyingine. Hakuna kitu cha kuokoa pale.

Umeme ukikatika kamera ikirekodi, faili hubaki bila kufungwa na haliwezi kuchezwa. Msirekodi tena juu ya kadi hiyo. Nakili faili bovu, tafuta jingine zima la kamera ileile kwa mipangilio ileile, na uipe Untrunc, programu ya kutengeneza video zilizokatika, yote mawili. Kadi nazo zinakiliwe nzima na folda zake zote. Kamera zinazokata faili kila gigabaiti 4 hupoteza fremu kwenye maungio ukichukua vipande tu.

Kompyuta ikikwama, tengenezeni nakala nyepesi za video za ubora wa 720p na mfanye uhariri kwa hizo.

Kwa YouTube, sauti iwe karibu na LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani), kilele kisizidi desibeli -1. Kisha fungua faili lililotoka, si mradi, na utazame midomo kwenye wimbo wa kwanza, wa katikati na wa mwisho kabla ya kulituma.