Mgeni Yuko Njiani, Majani Yako Wapi?

Mhadhara kwa wafugaji wadogo, Mikindani, Mtwara

Assalamu alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi. Mtwara kuchele!

Ahsanteni. Nimeombwa niseme namna ya kuandaa uwanja wa nyumbani, eka moja au mbili hivi, kabla hujaleta mbuzi wa maziwa na punda. Wengine mnanifahamu tangu nilipokuwa bibi mifugo, napita vijijini na pikipiki na boksi la barafu lenye chanjo. Nimestaafu, lakini mdomo haujastaafu.

Wiki iliyopita alinifuata kijana mmoja, akanifungulia simu. Pichani kuna mnyama ana shingo ndefu, manyoya kama godoro, uso wa kudeka. "Mama, nataka hawa wawili, na farasi mmoja wa kupanda watoto. Kiwanja ninacho kule Naliendele." Sikumcheka. Yule mnyama anaitwa alpaka, ni jamaa ya ngamia, kwao ni milima ya Andes, kule Peru na Bolivia, juu ya mita 3,500, mahali ambapo usiku maji yanaganda. Wanamfuga kwa ajili ya manyoya. Sasa hapa kwetu mtu anatoka jasho akiwa amekaa kwenye mkeka. Hata ukimnyoa kila mwaka, joto letu la unyevu litamwelemea.

Na farasi? Farasi huku ana maadui wawili. Kuna mbung'o, yule nzi anayeeneza nagana, na kuna visubi, vile vidudu vidogo vya jioni vinavyobeba ugonjwa unaoitwa ugonjwa wa farasi. Farasi akiupata, mara nyingi ni siku chache tu, amekufa. Punda akiupata, mara nyingi unampitia kama mafua. Nikamwambia: mwanangu, alpaka wako ni mbuzi, farasi wako ni punda. Alinuna kidogo. Lakini amekuja, amekaa nyuma pale, msigeuke kumtazama.

Na yeye si wa kwanza kutaka kuleta wanyama wageni hapa. Machi 1866 David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, alishusha wanyama wake kwenye ghuba yetu hii: ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama mmoja, nyumbu 2 wale wa farasi na punda, na punda 4. Alitaka kujua nani kati yao atahimili mbung'o kwenye njia ya Ruvuma. Njiani wakaanza kudhoofika na kufa. Ila jaribio lenyewe liliharibika, kwa sababu waliopewa kazi ya kuwachunga waliwabebesha kupita kiasi, wakawapiga, wakawaacha na vidonda. Mwenyewe analalamika kwenye shajara yake: mnyama akianguka, hajui amuulize nani, mbung'o au fimbo. Miaka yote niliyofanya kazi hii, nikiitwa kwenye mzoga wa mnyama mgeni, mwenye nyumba anasema "ugonjwa, mama". Mimi naangalia ndoo kwanza. Kisha naangalia majani.

Majani ndiyo neno langu la leo, kwa hiyo nitakaa hapo.

Tunanunua mnyama lini sisi watu wa korosho? Mnada umepita, pesa imeingia, ni Novemba, pengine Desemba. Ndipo mtu anaezeka bati, ananunua pikipiki, na akili ya mbuzi inamjia. Sasa angalieni shamba mwezi huo. Mvua iliisha Mei au kabla. Nyasi ni kijivu. Kilichopo chini ya mikorosho ni mabibo, yale matunda yanayobeba korosho. Yaani pesa yetu inakuja mwezi ambao chakula cha mnyama hakipo kabisa, halafu wiki chache baadaye mvua inashuka na uwanja unakuwa tope. Mgeni anafikia njaa, anahamia kwenye tope. Atapona vipi?

Kwa hiyo pesa ya mwaka huu usinunue mnyama. Najua inauma. Pesa ya mwaka huu nunua pingili za mabingobingo, yale majani marefu ya malisho, na mbegu za milusina, ile miti ya malisho, uzipande mvua ikishika. Karanga ukivuna, usichome majani yake. Yaanike kivulini yasipoteze ukijani, yafunge, yapandishe darini. Mbaazi ukizipura, maganda na majani yake tia kwenye viroba. Huku kusini tunachoma chakula kila mwaka halafu tunakwenda dukani kununua pumba.

Hesabu yake si ngumu. Mbuzi wa maziwa wa kilo 40 anakula kama kilo moja na nusu kwa siku, tukihesabu kikavu kitupu, yaani bila maji yaliyomo kwenye majani. Tangu Juni hadi mvua irudi ni siku 180 hivi. Hizo ni kilo 270 kwa mbuzi mmoja. Atajitafutia baadhi kwenye vichaka, sawa, tuseme nusu. Bado unadaiwa kilo 135. Kapime kiroba chako kimoja cha majani ya karanga yaliyokauka, uone kina kilo ngapi, ndipo useme unataka mbuzi wanne.

Mashudu ya ufuta ni mazuri, na tunayo. Mashudu ya karanga angalia ukungu. Yakinuka uvundo usimpe, maana ile sumukuvu inapita kwenye maziwa na kumfikia mtoto wako. Majani ya muhogo mabichi yana sumu, yaache yanyauke kwanza. Na mabibo! Mbuzi akipata upenyo wa kuingia kwenye mabibo yaliyochacha anakula mpaka tumbo linasimama. Watu wanasema amelewa uraka, pombe ya mabibo, wanacheka, wanampiga picha. Yule hajalewa tu. Tumbo limejaa asidi, na kesho asubuhi hasimami. Kwa hiyo uzio utangulie kabla ya msimu wa mabibo.

Kwenye uzio, mianzi na fito zinatosha, mradi mbuzi asipate pa kupitisha kichwa. Punda usimwekee seng'enge, atajichana kifua. Halafu zunguka ukague ulichopanda mpakani. Mbono kaburi tunaupenda kwa ua kwa sababu mifugo haiugusi, lakini mbuzi mgeni mwenye njaa haulizi. Mnyaa, utomvu wake unaunguza macho, ya kwake na ya mtoto anayemchunga. Na wenye mikorosho jirani: wakati wa kupuliza salfa, ile dawa ya ukungu wa mikorosho, mbuzi abaki bandani, aletewe majani. Pia mikorosho michanga ya jirani ni kesi ya mtendaji wa kijiji inayokusubiri.

Maji. Hapa nina aibu yangu mwenyewe ya kusimulia.

Mbuzi wangu wa kwanza wa maziwa waliletwa na fuso kutoka Morogoro, wawili, majike, weupe kama pamba. Mimi mtaalamu, banda nilishalijenga, tena zuri. Wamefika saa kumi alasiri, ndimi nje. Siku ile ilikuwa ya tatu bomba halitoi maji. Nikamtuma mtoto kwa jirani, akaja na dumu, nikamimina kwenye beseni. Wakanusa, wakageuka. Nikasema wamechoka, watakunywa usiku. Asubuhi beseni liko vilevile, juu ya maji kuna utando unang'aa rangi rangi. Nikainama na mimi nikanusa. Mafuta ya taa. Lile dumu lilikuwa la taa za jirani. Mtu mwenye kiu angekunywa tu, mbuzi hanywi. Mmoja hakuinuka tena siku ile ya pili. Nilisomea kazi hii miaka miwili, nikashindwa na dumu.

Sasa hesabu ya maji. Mbuzi anayekamuliwa anataka lita 5 hadi 8 kwa siku, punda lita 15 hadi 25. Mbuzi wawili na punda wawili, siku ya jua kali, ni madumu matatu ya lita 20 na zaidi kidogo. Ninyi wa huku pwani mnaweza kucheka, lakini ndugu zetu wa Newala na Tandahimba, kule juu uwandani ambako maji ni safari, wanajua dumu moja lina uzito gani kichwani. Kama una bati, weka mfereji. Mvua ya milimita 10 tu kwenye paa la mita za mraba 40 inakupa lita 400. Simtanki nunua kabla ya mbuzi. Na punda wa kuteka maji usimhesabu kama msaada mpaka umetoa maji atakayokunywa yeye.

Mzee wangu hapa mbele ananyoosha kidole. Ndiyo, baba.

Anauliza, akinunua mbuzi mnadani na cheti anacho, kuna haja gani ya kumtenga? Swali zuri, na jibu lake liko hapahapa mkoani. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini mwaka 2008, kule kaskazini. Mbali, si ndiyo? Mwaka 2009 tayari iko Newala, kisha Tandahimba. Haikuruka. Ilipofuatiliwa, njia ilikwenda hadi kwa mbuzi walionunuliwa mnada wa Dar es Salaam wakaletwa kijijini. Mafua, macho yanatoa matongo, vidonda mdomoni, kuhara, wanakufa kwa makundi. Kwa hiyo baba, cheti ni muhimu, kibali cha kusafirisha ni lazima, na bado mgeni akae peke yake siku 30, mbali na wenyeji, na ndoo yake, na anayemhudumia aanze na wenyeji amalizie kwa mgeni. Chanjo ya sotoka ipo, waulizeni maafisa wenu. Akifa mnyama usielewe kwa nini, maabara ya mifugo ya kanda iko hapa Mtwara mjini. Piga simu kabla hujazika.

Banda nitalisema kwa kifupi, maana nje nimeleta mfano. Mbuzi alale juu, sakafu iinuke kama mita moja, kinyesi kidondoke chini uzoe mbolea. Kila mmoja apate mita moja na nusu ya mraba au mbili. Upande upepo wa mvua unakotokea uzibe, pande nyingine acha hewa ipite. Paa la makuti ni baridi kuliko bati, usione haya.

Punda sasa, maana watu wanamwonea. Kwao asili ni nchi kavu za kaskazini mashariki ya Afrika. Manyoya yake hayamwagi maji kama ya farasi. Mvua inamwingia hadi kwenye ngozi. Kwa hiyo naye anataka paa, na mahali pakavu pa kusimama, la sivyo kwato zinaoza. Kwato zikatwe kila wiki sita hadi kumi. Chakula chake ni kikavu chenye nyuzi: mabua, nyasi kavu. Milusina mpe kidogo sana. Ukimzidishia, singa za shingoni na mkia zinanyonyoka. Na usilete mmoja. Punda wa peke yake analia usiku kucha, majirani watakuja kulalamika.

Kitu kigumu kwa punda ni kwamba hasemi. Mbuzi akiumwa kidogo tu mtaa mzima unajua. Punda anasimama. Kuna jike mmoja nilikuwa nampita kila asubuhi, amesimama palepale chini ya mwembe, mguu wa nyuma wa kushoto ameulegeza. Mwenye punda anasema, "Huyu ni mvivu tangu Ijumaa." Nikampapasa shingo, nikashuka na mkono begani, mgongoni, pajani, hadi chini, nikabana kidogo juu ya kwato, akanipa mguu. Katikati ya unyayo, pembeni mwa lile jinyama la pembe tatu, kuna kipande cha ganda la korosho kimezama kama sarafu. Kilipotoka kilifuatwa na usaha mweusi. Siku tatu alikuwa anabeba maji na lile ganda. Kwa hiyo kabla hujaleta punda, fagia uwanja wote unakobangulia korosho, na jifunze kumnyanyua miguu yote minne. Jizoeze hata kwa punda wa jirani.

Na banda la punda liwe na kufuli. Umoja wa Afrika ulipitisha Februari 2024 kuzuia biashara ya ngozi za punda, lakini mwizi hasomi maazimio.

Kuna mama ameniandikia kikaratasi hapa: "Nina pesa ya mnyama mmoja tu mwaka huu, nianze na nani?" Mama, mnyama mmoja hakai peke yake, awe mbuzi awe punda. Panda mabingobingo, nunua simtanki, pesa itakayobaki weka. Mwakani Juni, viroba vikiwa vimejaa darini, nunua mbuzi wawili wa chotara, usikimbilie wale weupe kabisa kama nilivyokimbilia mimi. Bei ya Juni pia si ya Desemba.

Sasa twendeni nje kabla jua halijawa kali. Nimekuja na kichanja cha mbao, vipande viwili. Kimoja nafasi ya ubao na ubao inapitisha kidole changu kidogo. Kinyesi kinadondoka, kwato haizami. Kingine fundi alikipanua mpaka kinapitisha dole gumba. Mbuzi wangu wa pili alivunjikia mguu hapo. Kila mtu aje aingize kidole, mmoja mmoja, msisukumane.